Jibu kwa msomaji wa Kirumba: kwa nini bata maji wa Hanyu haonyeshi tetemeko

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Kirumba, Mwanza, na kwetu hasa ni Ukerewe. Mdogo wangu alinionyesha kwenye simu video ya Mjapani aitwaye Yuzuru Hanyu akiteleza kwenye barafu, amevaa nguo nyeupe kama ndege, na wimbo unaitwa Notte Stellata. Nimeitazama mara nyingi na kila mara machozi hunitoka, ingawa Kiitaliano sikijui na uwanja wa barafu sijawahi kuuona kwa macho. Nimesoma kwamba onyesho hilo linahusu tetemeko la ardhi la mwaka 2011, lakini mimi tetemeko silioni: hakuna kinachoanguka, hakuna anayelia, na yeye mwenyewe uso wake umetulia. Wengine wanasema ni burudani tu ya baada ya mashindano, haina uzito. Naomba unieleze maana yake hasa, na kama ni sawa mimi kulia kwa msiba usio wangu.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako limenikalisha kitako jioni mbili mfululizo, kwa sababu umeona kwa macho yako jambo ambalo wengi wanaoandika juu ya onyesho hilo hulipita. Unasema tetemeko hulioni. Umeona sawasawa, kwa maana halimo, na kutokuwamo kwake ndiko ninakotaka kukueleza. Mimi nimefundisha ngoma na miondoko ya jukwaani kwa zaidi ya miaka 20, na mchezo wa kuteleza kwenye barafu nimeufuata kwa kuutazama na kuusoma kwa muda mrefu. Kwa hiyo nitakujibu zaidi kwa upande wa mwili na jukwaa, maana huko ndiko onyesho hili linakosemea.

Nianze na wale wanaosema kwamba ni burudani isiyo na uzito, kwa kuwa hilo halihitaji maneno mengi. Katika mashindano, mtelezaji huonyesha programu mbili, moja fupi na moja ndefu, na kila mruko, kila mzunguko na kila hatua hupewa alama na waamuzi. Mashindano yakiisha, washindi hualikwa kwenye onyesho la gala. Hapo taa za ukumbi huzimwa, taa moja humfuata mtelezaji, na hakuna mwamuzi anayeandika chochote. Mtu huchagua mwenyewe aruke mara ngapi, avae nini, akae kimya wapi. Ukitaka kulielewa hilo kwa mfano wa kwetu, fikiria ngoma za Wasukuma: Bagika na Bagalu wanaposhindana, mshindi hujulikana kwa wingi wa watu anaowavuta upande wake, hivyo watazamaji wenyewe ndio waamuzi. Kwa maana hiyo gala iko karibu zaidi na uwanja wa ngoma kuliko mashindano ya barafu yalivyo, kwa sababu kinachobaki ni mchezaji na watu waliokuja kumtazama, basi. Mtu akipewa nafasi kama hiyo mbele ya dunia nzima, anachochagua kukisema hakiwezi kuwa kitu chepesi, na Hanyu alichagua kitu hiki hiki zaidi ya mara moja.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Yuzuru Hanyu alizaliwa tarehe 7 Desemba 1994 katika mji wa Sendai, mkoa wa Miyagi, kaskazini mashariki mwa Japani. Tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana, alikuwa akifanya mazoezi kwenye uwanja wa barafu wa mji huo, kijana wa miaka 16, wakati ardhi ilipotikisika kwa kipimo cha 9.0. Alitoka nje akiwa bado amevaa viatu vyake vya kutelezea. Tsunami iliyofuata iliyafagia maeneo ya pwani, na watu zaidi ya 15,000 walifariki. Wengine zaidi ya 2,000 hawajapatikana mpaka leo. Familia yake ilinusurika, lakini nyumba yao iliharibika, na kwa siku kadhaa walilala kwenye jumba la mazoezi lililogeuzwa kuwa kimbilio, pamoja na watu wengine wengi, katika baridi ya mwezi Machi ambayo sisi wa ziwani hatuwezi kuikisia. Uwanja wake wa barafu ulifungwa, na baadaye amesema wazi kwamba aliwaza kuacha kabisa mchezo huo.

Usiku ule mji wote ulikuwa gizani kwa sababu umeme ulikatika, na huyu kijana aliinua macho akaona nyota kwa wingi ambao hakuwahi kuuona Sendai. Ameieleza kumbukumbu hiyo mara kwa mara: kwamba katika giza lile, ule mwanga wa nyota ulikuwa kwake tumaini. Nyota zile zilikuwapo siku zote, zilikuwa zimefunikwa na taa za mji. Wewe uliyekulia ufukweni hili hulihitaji kufafanuliwa sana. Unajua kwamba wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali hupumzika, kwa sababu taa zao haziwezi kuwavuta dagaa juu ya maji yanayong'aa tayari. Ukisimama Kirumba usiku wa giza na umeme umekatika mjini, unaziona taa zile zimetapakaa mbali ziwani kama mji mwingine ulioota juu ya maji. Hakuna anayeshukuru kwa kukatika kwa umeme, na Hanyu pia hajawahi kushukuru kwa tetemeko. Lakini kuna kitu alikiona usiku ule ambacho bila giza asingekiona, na jina la onyesho lake, ambalo kwa Kiitaliano maana yake ni usiku wenye nyota, linakishika kitu hicho na kuliacha tetemeko nje.

Hata hivyo onyesho hilo halikuzaliwa mwaka 2011, na hapa ndipo naomba tukae kwa muda. Kabla yake kulikuwa na bata maji mwingine. (Bata maji ndiye yule ndege mkubwa mweupe mwenye shingo ndefu, katika ziwa letu hayupo, ila ukimwona yangeyange amesimama juu ya jiwe, mzidishe ukubwa mara kadhaa na umrefushe shingo.) Msimu ule ule wa tetemeko, Hanyu alikuwa na programu fupi iitwayo White Legend, iliyotumia muziki wa Tchaikovsky kuhusu ziwa la mabata maji, uliopangwa upya na mpiga fidla Ikuko Kawai. Aprili 2011, chini ya mwezi mmoja baada ya maafa, aliionyesha katika onyesho la hisani mjini Kobe. Kobe nao ni mji uliopigwa na tetemeko, Januari 1995, ambapo zaidi ya watu 6,000 walikufa, kwa hiyo waliokuwa wamekaa pale walijua vizuri ni nani aliyesimama mbele yao. Mwaka huo, kwa kukosa uwanja wa nyumbani, alizunguka Japani na kuteleza katika maonyesho takribani 60, na hayo ndiyo yakawa mazoezi yake. Mwaka 2014, akiwa na miaka 19, aliposhinda dhahabu ya Olimpiki mjini Sochi, Urusi, kwenye gala alirudi kwa bata maji yule yule wa White Legend.

Ukiitazama White Legend utaona mwili wa mtu anayepigana. Fidla inakata, mikono inarushwa, kichwa kinatupwa nyuma, na kuna nyakati mgongo wake unajikunja kama wa mtu aliyepigwa. Ni ndege anayejaribu kuruka huku kitu kinamvuta chini. Kwa lugha ya misiba yetu ningesema kwamba yule ni mfiwa. Mfiwa ana haki ya kupiga kelele, kugaagaa, kumuuliza Mungu maswali, na watu humshika mikono wakamwacha aseme.

Notte Stellata ilikuja miaka mitano baada ya tetemeko, katika msimu wa 2016 hadi 2017. Muziki wake alipewa na Tatiana Tarasova, kocha mashuhuri wa Urusi, na miondoko ilipangwa na David Wilson wa Kanada. Sauti unazozisikia ni za vijana watatu wa Kiitaliano wa kundi la Il Volo, lakini tuni yenyewe ni ya zamani: iliandikwa na Mfaransa Camille Saint-Saëns mwaka 1886, kwa ala ya selo na piano mbili, ndani ya mkusanyiko wa vipande kuhusu wanyama alioutunga kwa ajili ya kufurahi na marafiki. Mkusanyiko huo hakutaka uchapishwe akiwa hai, isipokuwa kipande kimoja tu, nacho ni hiki cha bata maji. Nimelitafakari sana jambo hilo dogo. Mtunzi aliona mzaha katika simba wake, katika kobe wake na katika tembo wake, lakini huyu ndege hakumfanyia mzaha.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mbali hulikosa. Kwa watu wa Miyagi, bata maji ni ndege wa nyumbani. Kila mwaka majira ya baridi yakikaribia, mabata maji huja kutoka Siberia na kutua kwenye maziwa na mashamba ya mpunga ya mkoa ule, hasa ziwa Izunuma, kisha huondoka kurudi kaskazini baridi inapoanza kulegea, karibu na mwezi Machi. Kwa hiyo mtazamaji wa Sendai anapomwona kijana wa mji wake amevaa mbawa nyeupe, haoni mapambo ya kigeni ya jukwaa la Ulaya peke yake. Anaona ndege anayemfahamu, ambaye huondoka na hurudi.

Basi, turudi kwenye ule uso uliotulia uliokushangaza. Mei 1996 nilikuwa kidato cha pili hapa Mwanza. Asubuhi ya tarehe 21 MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikiwa inakaribia kufika, na zaidi ya watu 800 walipotea. Katika mtaa wetu nyumba tatu zilikuwa na misiba kwa pamoja, na moja ilikuwa yetu. Sikumbuki mengi ya yaliyosemwa siku zile. Ninachokumbuka ni mama mmoja jirani, ambaye alikuja alfajiri kabla jua halijatoka, akachukua ufagio, akaufagia uwanja wetu wote taratibu, akaenda kuteka maji, akabandika chai, kisha akaketi kwenye mkeka karibu na mama yangu, bega kwa bega, akanyamaza. Hakuuliza meli ilizamaje. Hakusimulia alichokisikia bandarini. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, na utulivu ule ndio uliomwezesha mama yangu kulia mpaka akachoka, kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja pale aliyekuwa hatetereki.

Mtu anayekuja kuhani, yaani kuwapa pole waliofiwa, hasimulii ajali. Mfiwa anaijua ajali kuliko yeye. Kazi yake ni kukaa, na kukaa vizuri ni ujuzi. Hivyo ndivyo ninavyoielewa Notte Stellata, na ndilo jibu langu kwa swali lako la kwanza: katika White Legend Hanyu alikuwa mfiwa, na katika Notte Stellata amekuja kuhani. Ni mtu yule yule, ndege yule yule, msiba ule ule, lakini amehama kutoka upande mmoja wa mkeka kwenda upande mwingine. Ndiyo maana hajaonyesha nyumba inayoanguka. Watu wa Ishinomaki na Kesennuma na miji mingine ya pwani hawakuhitaji mtelezaji awakumbushe maji yalivyokuja. Alichowaletea ni kile alichokiona yeye usiku ule alipoinua macho, na amekileta bila kukikuza.

Unaweza kuniuliza, mwili unawezaje kusema hayo yote bila maneno. Hapa nitakuomba uvumilivu, kwa sababu ni lazima niingie kwenye ufundi kidogo. Kiatu cha kutelezea kina chuma chembamba chini yake, upana wake takribani milimita 4, na katikati ya chuma hicho pamechongwa mfereji, hivi kwamba hubaki kingo mbili, ya ndani na ya nje. Mtelezaji mzuri hulalia ukingo mmoja kwa wakati, na mwili wake wote huinama upande huo, kama mtumbwi wa tanga unavyolala upande mmoja upepo wa ziwani unapolijaza tanga. Kadiri anavyolala zaidi bila kuanguka, ndivyo mkunjo wake juu ya barafu unavyokuwa wa kina na ndivyo anavyosafiri mbali kwa msukumo mmoja. Tazama tena video yako uhesabu ni mara ngapi anasukuma kwa nguvu. Utashangaa. Anasukuma mara chache sana, kisha anauacha ukingo umpeleke, na kwa kuwa jicho letu halioni jitihada, moyo wetu unaacha kuhofia kwamba ataanguka. Utulivu unaouona usoni umeanzia kwenye nyayo.

Kisha iangalie mikono. Mwanafunzi mgeni akiambiwa awe ndege, hupunga viganja. Nimewaona mamia wakifanya hivyo, na huwa nawapeleka Mwaloni pale kwenu Kirumba, kwenye mabanda ya dagaa, tukakaa kuwatazama ndege wanaonyemelea samaki. Bawa linaanzia mgongoni, kati ya mifupa ya mabega. Kiwiko hufuata, kifundo hufuata, na vidole ndivyo vya mwisho kufika. Hanyu anajua hilo kama anavyojua kupumua. Anapouinua mkono, mgongo umekwisha kuanza kabla hatujaona chochote, kwa hiyo mkono unaonekana kama umeinuliwa na kitu kingine. Mwanamitindo akiinua mkono tunaona ishara. Huyu akiinua mkono tunaona pumzi.

Kuna pozi moja ambalo nadhani ndilo moyo wa onyesho lote, nalo huitwa Ina Bauer, kwa jina la mwanadada wa Kijerumani aliyelibuni miaka ya 1950. Miguu huwekwa kwenye mistari miwili inayokwenda sambamba, ncha za viatu zikielekea pande zinazopingana, goti la mbele limekunjwa na mguu wa nyuma umenyooka, naye huulaza mgongo nyuma mpaka kifua na koo vinaelekea juu kabisa. Hajirushi wala hajizungushi pale. Anapita tu, amefunguka, macho juu. Katika viumbe vyote, koo na kifua ndivyo tunavyovificha tunapoogopa. Mtu aliyetikiswa na ardhi hujikunja, hufunika kichwa. Kuvipeleka vitu hivyo mbele na juu, tena kwa kasi, juu ya kitu kinachoteleza, ni kitendo cha mtu anayeiamini tena ardhi iliyo chini yake. Sihitaji kuambiwa kwamba anatazama nyota. Mwili ukiwa hivyo, hakuna pengine pa kutazama.

Mruko mkubwa nao upo, ule wa Axel wa mizunguko mitatu na nusu, ambao huanzwa mtelezaji akitazama mbele, tofauti na miruko mingine yote inayoanzwa kwa kurudi nyuma. Ni mruko unaowafanya wengi wakaze taya. Yeye ameuweka ndani ya muziki kiasi kwamba akitua anaendelea na mkunjo ule ule, na sifa za watazamaji zinakuja zikiwa zimechelewa kidogo.

Naomba hata hivyo usinielewe vibaya ukaanza kuitafsiri kila ishara, kwamba mkono huu ni nyota, mzunguko ule ni wimbi, na kuinama kule ni marehemu. Nimeona maelezo ya namna hiyo na yananisikitisha, kwa sababu yanakigeuza kitu hai kuwa fumbo la kufumbuliwa. Hakuna anayemuuliza mpiga ngoma pale Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, ni pigo lipi lenye maana ya mvua. Maana iko katika mwendo mzima, na katika nani anaucheza, wapi, na mbele ya nani.

Hilo la wapi na mbele ya nani lina uzito wa pekee katika kisa hiki, kwa sababu onyesho hili limeendelea kupata maana kila linaporudiwa. Novemba 2017 Hanyu aliumia vibaya kifundo cha mguu wa kulia mazoezini, akakaa nje miezi mitatu, kisha akatokea Pyeongchang, Korea Kusini, na tarehe 17 Februari 2018 akatetea dhahabu yake ya Olimpiki. Mwanaume wa mwisho kufanya hivyo katika mchezo huo alikuwa Mmarekani Dick Button, mwaka 1948 na 1952, miaka 66 kabla yake. Kwenye gala ya michezo ile alichagua Notte Stellata. Angeweza kuchagua chochote cha kujisifu. Mtu aliyeshinda anapokuja na kitu kama hicho, anawaambia watu wa kwao kwamba ushindi haukumtoa kwenye mkeka.

Lakini onyesho ambalo kwangu linazidi yote ni la Machi 2023. Alikuwa ameacha mashindano Julai 2022 na kuwa mtelezaji wa kulipwa, na akaandaa onyesho lake mwenyewe alilolipa jina hilo hilo la Notte Stellata, siku tatu, tarehe 10 hadi 12 Machi, zikiipitia siku ya kumbukumbu ya maafa. Alilifanyia katika ukumbi mkubwa wa michezo ulioko Rifu, mkoani Miyagi. Mwaka 2011 ukumbi huo ndio uliotumika kuhifadhi miili ya waliokufa, na ndugu walifika pale kuwatambua wapendwa wao. Miaka 12 baadaye, mahali pale pale, pakamwagiwa barafu, taa zikazimwa, na ndege mweupe akapita juu yake. Wapo waliodhani ni jambo zito mno kulifanya hapo. Mimi nadhani hakuna mahali palipostahili zaidi. Kuhani hufanyika kwenye nyumba ya msiba, hakufanyiki njiani. Onyesho hilo lilirudiwa Machi 2024 na Machi 2025, na wewe unajua kwamba kwetu pia matanga yana siku zake, na kwamba anayerudi arobaini ikishapita, na mwaka ukishapita, huyo ndiye wa kumhesabu.

Umeuliza mwisho kama ni sawa wewe kulia kwa msiba usio wako. Umesema kwenu ni Ukerewe, na sikutaka kuipita sentensi hiyo kwa haraka. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kabisa na Ukara, na zaidi ya watu 220 walikufa mbele ya macho ya waliokuwa wakiwasubiri ufukweni. Sijui kama una mtu wako aliyezikwa kule Bwisya, nami nina wangu makaburini Igoma tangu 1996, na sitakuuliza. Ninachoweza kukuambia kwa uaminifu ni kwamba Hanyu hakuifikiria Ukara alipokuwa akijiandaa. Aliitengeneza kazi yake kwa ajili ya watu wake, na hatuna haki ya kumnyang'anya Sendai yake. Hata hivyo, yule mama aliyefagia uwanja wetu hakuwa ndugu yetu, na baadaye niliambiwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa amezika mtoto mwaka uliotangulia. Alipoketi pale alikuwa analia wa kwake na wa kwetu kwa pamoja, na hakuna aliyemwambia kwamba amekosea nyumba. Kama onyesho hilo lingejaa majengo yanayoporomoka na mawimbi, lingebaki la Japani peke yake, na sisi tungelitazama kama habari. Kwa kuwa ameliacha na nafasi, tumekuta mahali pa kukaa. Lia, mwanangu.

Ukipata wasaa, fanya hivi. Tafuta kwanza White Legend ya gala ya Sochi, uitazame mara moja tu. Kisha ifungue Notte Stellata ya 2018, ukiwa umezima sauti kabisa, na macho yako yakae mgongoni mwake, si usoni. Mara ya pili washa sauti. Halafu niandikie uniambie ni sekunde gani machozi yalikuanzia, kwa sababu kwangu mimi hayaanzii kwenye ile Ina Bauer kama ungedhania. Huanzia sekunde chache kabla yake, pale anapoacha kusukuma.